Mbuzi wa Kambove

Godefroid Chisanga alizaliwa na utani mwilini, kisha kwa bahati mbaya akaajiriwa mahali pasipo na mtu wa kumtania. Kazi yake ilikuwa kuwapa wananchi takwimu za serikali, katika ofisi iliyokaa ghorofa ya juu ya jengo kuukuu katikati ya Lubumbashi. Alikuwa na meza, kiti, na dirisha dogo la kioo lililoandikwa kwa Kifaransa kwamba hapa ndipo umma unapopokelewa. Umma wenyewe haukuja. Waliopanda zile ngazi walikuwa wanatafuta choo, au ofisi ya pasipoti, au walimfuata mtu aliyewakimbia huko chini.

Si kwamba ofisi ililala. Vijana wake walizunguka mkoa mzima, toka Mitwaba hadi Kilwa ya huko, kando ya ziwa, wakihesabu mashamba, watoto, samaki, mvua na barabara zilizokatika. Walirudi na vumbi hadi ndani ya masikio. Hesabu zao zilipangwa katika kitabu kilichoitwa buletini, kwa Kifaransa kigumu kama mkate wa juzi, kisha buletini ikafungiwa kabatini. Aliyetaka kuiona alitakiwa kumwandikia mkurugenzi barua, aeleze sababu zake, aende nyumbani, angoje. Karatasi ya masharti hayo ilibandikwa mlangoni kwa gundi nyingi kuliko lazima.

Mkurugenzi aliitwa Adalbert. Alikuwa mtu mwema, wa tai na miwani, aliyependa hotuba. Katika kila sherehe alisema kwamba ofisi yake inatoa takwimu kwa umma bila kukoma.

"Umma gani, shefu?" Godefroid alimuuliza siku moja walipokuwa wanatoka kwenye sherehe ya namna hiyo. "Kwa dirisha yangu banakuja nzi tu."

"Bantu ba maana banasoma, Papa Godefroid. Ni weye tu haubaonake."

Neno hilo lilimkaa Godefroid kooni kama mwiba wa samaki. Bantu ba maana! Basi, robo ya mwaka ilipoisha na yeye akapewa jedwali la mifugo alipige chapa, alifika kwenye mstari wa mbuzi wa Kambove, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaongeza sifuri. Ikamfurahisha. Akaongeza nyingine. Kwa hesabu hiyo mji mdogo wa Kambove, mji wa migodi ya zamani na wachimbaji wa koleo, ulikuwa na mbuzi wa kutosha kuujaza mkoa na kubakiza wengine wa kupeleka Zambia.

Halafu akangoja simu ilie.

Simu haikulia. Buletini ilipelekwa kwa wakubwa, kwa maprofesa, kwa wafadhili wenye magari meupe. Hakuna aliyeuliza kitu. Baada ya muda ofisi ikapata hata pongezi kutoka juu, kwa jinsi majedwali yake yalivyokuwa wazi. Adalbert aliwasomea wafanyakazi pongezi hizo akiwa amesimama. Godefroid alitoka nje, akacheka hadi akashika ukuta. Alipomaliza kucheka alijikuta ana huzuni kidogo. Ni kweli alishinda ubishi, lakini ushindi wenyewe ulisema kwamba miaka yake yote ya kazi ilikuwa kama kumsomea ukuta.

Kumbe yupo mtu aliyesoma.

Kabati lilipofurika, mlinzi aliambiwa apunguze buletini, naye akazipunguza kwa akili yake mwenyewe: aliziuza sokoni kwa kilo, karatasi za kufungia vitu. Fungu moja likafika mtaa wa Katuba, kwa Victorine Mwila, mchomaji wa michopo. Michopo ni nyama ya mbuzi ya kuchoma, na pale Lubumbashi watu wengi waliamini kwamba moto wake ni wa wanaume. Victorine alishika kisu siku mumewe alipoumwa mgongo. Mgongo ulipona, lakini kisu hakikurudi. Alikuwa amesomea Kifaransa kwa masista, na alikuwa na tabia ya kuisoma karatasi kabla ya kuitia nyama. Mchana mmoja, huku mteja akinung'unika kwamba njaa inamuua, Victorine alisoma mbuzi wa Kambove.

Alisoma tena. Wakati huo mbuzi walikuwa adimu mjini, na waliofika walikuwa wamekonda kama wamekuja kwa miguu kutoka Ethiopia. Hakumwambia mtu. Alimwamsha shemeji yake Ngosa, mwenye pikapu, wakashika alfajiri njia ya Likasi, iendayo hadi Kambove, Victorine akiwa amebeba kamba za kutosha kufunga kundi zima.

Kambove waliulizia mbuzi. Mchimbaji mmoja aliyepakwa udongo hadi kwenye nyusi aliwatazama kwa huruma. "Mama, huku tunachimbaka," alisema. "Labda biko chini. Tukibifikia, tutakuita." Walizunguka mpaka jua likawa utosini. Mbuzi waliowaona walikuwa wachache, wamefungwa nyuma ya nyumba ya katekista, na walikuwa wa sikukuu. Mmoja wao alikula upindo wa kitenge cha Victorine.

Ngosa hakujua kufunga mdomo. Katuba nzima ilisikia. Kwa majuma, kila Victorine alipokata nyama, kulikuwa na mteja wa kulia "mee" akiwa amejiziba mdomo kwa mkono, na watoto wa jirani walimwuliza kama Kambove kuna simba pia.

Ndipo akapanda zile ngazi.

"Barua yako iko wapi, Mama?" mlinzi alimzuia.

"Barua mulishaandika ninyi wenyewe. Miye nilikuja kujibu."

Akampita, akasimama mbele ya dirisha la Godefroid. "Papa, njo weye muntu wa kupokea umma?"

"Njo miye, Mama."

"Basi pokea. Umma njo miye."

Akaweka juu ya meza karatasi iliyolowa mafuta. Godefroid aliziona sifuri zake mbili, zinang'aa kwa mafuta ya mbuzi. Kwanza moyo wake uliruka kwa furaha: msomaji! Kisha akamsikiliza Victorine akieleza habari ya pikapu, kamba, katekista na kitenge, na furaha ikamtoka polepole kama hewa kwenye tairi. Alikuwa amewategea maprofesa mtego, na akamnasa mchoma nyama wa Katuba.

Mlango wa mkurugenzi ukafunguka. "Kuna nini hapa?"

"Ninatafuta mbuzi zenu, Papa Shefu," alisema Victorine.

Adalbert aliitazama karatasi kutoka mbali, maana ilinuka vitunguu. "Madame, hesabu ya serikali haikoseake. Pengine mbuzi zilikuwa zimeenda malisho."

"Malisho? Kule Kambove? Zinakula nini, shaba?"

Adalbert alivaa miwani, akainama. Kidole chake kilianza kutembea juu ya zile sifuri, kikarudi nyuma, kikatembea tena. Shingo yake ililoa ndani ya kola. "Ni makosa ya chapa," alisema kwa sauti ndogo. "Papa Godefroid, utamueleza Madame." Akarudi ndani na kufunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Godefroid alijaribu kukaa na uso wa kazi, lakini pembe ya mdomo wake ilimsaliti. Victorine aliiona. Mtu anayeishi kwa kuuza nyama kwa walevi hujua kusoma nyuso.

"Ile zero ulitia kwa kusudi," alisema.

Godefroid aliinamia karatasi, akapanguza sifuri moja kwa kidole.

"Zote mbili."

"Mama, nisamehe. Nilizania hakuna muntu anasomaka."

"Miye ninasomaka. Na sababu ya kusoma, bantu banalia mee mbele yangu." Alikunja karatasi yake. "Shefu wako sitamwambia kitu. Lakini siku ya posho utakuja kwangu Katuba, usimame mbele ya bantu, useme ile mbuzi iliandikwa na serikali, haikutoka mu kichwa yangu."

Posho ni Jumamosi. Godefroid alikwenda mchana, akiwa amevaa shati la misa. Alisimama karibu na moto, moshi ukimwingia machoni, akaeleza mbele ya wateja kwamba Mama Victorine hakuota. Ofisi ndiyo iliyokosea, mbuzi wa Kambove ni wachache mno. Watu walicheka, lakini safari hii hawakumcheka Victorine. Godefroid alidhani amemaliza, akatafuta njia ya kuondoka.

"Papa wa serikali," alisema Chomba, muuza samaki wakavu, huku akilamba pilipili kwenye kidole. "Kama munahesabu mbuzi, munahesabu na nini ingine?"

"Bintu mingi."

"Barabara ya Kilwa munahesabu? Miezi gani inakatikaka sana? Gari yangu inalalaka kule na samaki inaoza."

Godefroid alifahamu. Ofisi ilikuwa imeandika kila mwaka ni mwezi gani barabara ile hufa na mwezi gani hufufuka. Alimwambia, kwa Kiswahili cha mjini, bila neno moja la buletini. Chomba aliacha kula. Kisha Nono, fundi cherehani wa nguo za watoto wachanga, akauliza ni mitaa gani ya mji inazaa kuliko mingine. Mwingine akauliza habari ya mvua na mahindi. Mengine Godefroid hakuyajua kwa kichwa, akaahidi kuyaleta Jumamosi inayofuata. Akayaleta. Akaleta pia ubao mweusi na chaki, akauegemeza kwenye mfuko wa makaa. Wateja walizoea: mchopo, kitunguu, na hesabu ya serikali juu.

Victorine hakumwacha asahau deni lake. Kila alipotaka mtu wa kupepea moto, hakuita jina. Alikutanisha vidole vyake vikawa sifuri mbili, na Godefroid akachukua kipepeo bila kusema kitu. Wateja walifikiri ni salamu ya Kikatoliki.

Habari ilimfikia Adalbert. Jumamosi moja aliteremka Katuba mwenyewe, na tai yake, kukomesha jambo hilo.

"Takwimu za Jamhuri kati ya mifupa," alimwambia Godefroid kwa ukali wa chini chini. "Ni aibu."

Kabla hajaendelea, Nono alimvuta mkono wa koti. "Papa Shefu, karibu. Huyu Papa anasemaka kila mama anazaa batoto batano na nusu. Ile nusu iko namna gani?"

Adalbert alifungua mdomo ili akatae. Lakini alikuwa ameipenda hesabu tangu shule, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali lile kwa nia safi. Alichukua vijiti vya michopo kutoka kwenye sinia. Akampangia huyu vinne, yule saba, kisha akavikusanya na kuvigawa sawa, cha mwisho akakivunja nusu, akaeleza wastani kwa utamu ambao hotuba zake zote hazikuwahi kuwa nao. Watu walisogea. Wakauliza tena. Jua lilipoteremka alikuwa amekaa juu ya kreti ya bia, tai imezama kwenye pilipili, anabishana na Chomba juu ya samaki.

Jumatatu aliamuru karatasi ya mlangoni ing'olewe. Iling'oka pamoja na rangi ya mlango. Buletini mpya ilitoka na kurasa za Kiswahili, na ndani yake sahihisho la mbuzi wa Kambove, ambalo lilisomwa Katuba kwanza na kuwasikitisha watu, maana walikuwa wamekwisha kuwapenda wale mbuzi. Katika sherehe iliyofuata Adalbert alieleza jinsi alivyolifikiria wazo hilo kwa miaka mingi. Godefroid alipiga makofi kuliko wote.

Siku hizi hana nafasi hata ya kula mchana. Watu hupanda ngazi kutoka asubuhi, na wengi wao huja kugomba. Juzi mzee mmoja wa shamba aligonga kioo kwa fimbo, akasema hesabu ya mvua ni uongo mtupu, mvua ya kwao hakuna aliyekuja kuipima, na yeyote aliyeandika vile hajawahi kushika jembe. Alisema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Godefroid alimsikiliza mpaka mwisho, uso umemkunjuka kwa raha, kisha akazunguka meza, akamletea kiti.

"Kaa, Papa," alisema. "Sema tena, polepole. Ninaandika."