Mvua Niliyoimwaga

Kwetu Unguja mwezi wa sita hauaminiki. Masika huwa imeshaaga lakini bado imesimama mlangoni, na kipupwe kimeingia lakini hakijapata pa kukaa. Asubuhi unavaa sweta, adhuhuri unalivua, alasiri upepo wa kusi unaleta manyunyu, na jioni nguo ulizoanua mara mbili unazianika tena. Mwaka ninaousimulia, wakati majumba ya Michenzani yalikuwa bado yanajengwa na sisi tukiyatazama yakipanda, mwezi huo ulizidi vituko. Nina hakika, kwa sababu niliupima siku zote isipokuwa moja.

Kipimo cha mvua kilikuwa cha baba: mkebe mrefu wa shaba wenye mdomo wa faneli, chupa ndani yake, na bilauri nyembamba yenye mistari ya kusomea inchi. Alikipata zamani, alipokuwa karani wa serikali. Baada ya Mapinduzi kazi iliondoka, kipimo kikabaki. Kilikaa juu darini, ile sakafu ya wazi, isiyo na paa, juu kabisa ya nyumba yetu ya Mji Mkongwe, na kila mwisho wa mwezi baba alijaza karatasi, akaitia saini, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akaipeleka kwa miguu kwenye ofisi iliyokuwa ikikusanya habari za mvua. Hakuna aliyemlipa. Sina hakika kama kuna aliyeisoma. Lakini mzee yule hakuwa na kazi nyingine duniani, na mtu aliyemchezea karatasi ile alikuwa anachezea uso wake.

Goti lake lilipoharibika likakataa kupanda, mimi ndiye niliyepanda ngazi badala yake. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kila asubuhi saa moja, kabla ya skuli, nilipanda, nikamimina maji kwenye bilauri, nikasoma, nikashuka kumwambia, naye akaandika kwa wino. Kanuni zake zilikuwa mbili. Maji ya asubuhi huandikwa katika siku ya jana, kwa sababu ndiyo siku iliyoyaleta. Na kama hukupima, sema hukupima, yeye ataandika "haikupimwa", wala hapana atakayekulaumu. Kazi yote haikuchukua robo saa, lakini robo saa ile ilikuwa yangu na baba, na sikutaka kumgawia mtu.

Ndipo akaja yeye.

Alikuwa ndugu yangu wa baba mmoja, mdogo wangu kwa miezi saba. Mama yake, mtalaka wa baba, alikuwa akikaa Bububu. Mwaka ule aliolewa tena akahamia Pemba, na binti akaletwa kwetu na sanduku la bati na mto wake. Mama yangu, ambaye kama ni wivu ndiye aliyekuwa na haki nao, alimpokea vizuri, akamshonea gauni. Mimi niliyekuwa sina haki nikaubeba wote peke yangu.

Makosa yake? Hakuwa nayo, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Aliamka mapema kuliko mimi. Alimpikia baba chai ya tangawizi, akamkanda goti kwa mafuta ya nazi bila kuombwa. Na aliuliza. "Baba, kwa nini Bububu inaweza kunyesha na mjini kukavu?" "Baba, upepo wa kusi unaleta mvua au unaifukuza?" Baba, ambaye kwangu kila asubuhi alikuwa na neno moja tu, "haya", alifunguka. Alimsimulia mafuriko ya ujana wake, na mvua ya mawe aliyohadithiwa na babake. Mimi nilimletea baba tarakimu kwa mwaka mzima na sikuwahi kumuuliza swali hata moja. Hilo nalijua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba roho inaniuma, na kwamba nikisikia vicheko vyao nyuma ya mlango chakula hakipiti.

Wiki ya kwanza ya mwezi ule wa sita akachukua kopo tupu la maziwa ya unga, akaliweka darini, pembe ya pili, mbali na kipimo chetu. Akasema naye atapima, kwa kujifunza. Nilimngoja baba amwambie aache utoto. Baba akafungua mtoto wa meza, akatoa rula yake ya mbao, ile ambayo mimi nilikatazwa hata kuishika, akampa. Siku ile nilinuna mpaka mama akaniuliza kama jino limenianza.

Alipanda jioni, mimi asubuhi, kwa hiyo hatukugongana. Alichokisoma alikiandika kwenye daftari la skuli, na alisema hatalionesha mpaka mwezi umalizike.

Sasa nifike kwenye ile Jumatano ya wiki ya pili. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, nami nililala fofofo. Asubuhi nilichelewa kuamka, nikatoka na bilauri mkononi, na mlango wa baba ulikuwa wazi. Yule msichana amekaa chini, anamkanda goti. Baba anamwigiza mtu fulani wa zamani, kwa sauti nyembamba, na wote wawili wanacheka. Baba yangu anaigiza! Nikasimama pale ngazini nikapiga hesabu: nikipanda darini, nawaachia robo saa nyingine. Sikupanda. Nilitoa kichwa kwenye dirisha la ngazi, nikaona njia imelowa, nikaingia chumbani.

"Shikamoo, baba. Nshapima."

"Marahaba. Ngapi?"

"Robo inchi."

"Robo tu? Mbona mie nimesikia kama ilipiga kweli?"

"Ulikuwa upepo, baba. Mvua yenyewe kidogo."

Akachovya kalamu, akaandika robo inchi kwenye mstari wa Jumanne. Nikakaa baina yao nikanywa chai. Nilikuwa nimeridhika kabisa.

Asubuhi ya Alkhamisi nilipanda kama kawaida. Mchana kutwa na usiku wote haikuwa imedondoka hata tone. Nikamimina, na bilauri ikajaa, nikaimwaga, ikajaa tena. Inchi moja na nusu na zaidi. Nilisimama na upepo unanivuta khanga, nikaelewa nilichokifanya. Bado nilikuwa na nafasi. Ngazi ni zile zile, baba yuko pale pale, na neno lenyewe alikuwa amenipa yeye: sikupima. Lakini kulisema neno lile mbele ya yule msichana na mafuta yake ya nazi? Nikayamwaga na yaliyobaki kwenye mfereji wa dari, nikashuka, nikamwambia baba sufuri. Na kwa siku ile sufuri ilikuwa kweli, hilo ndilo lililonisaidia kulala.

Mwezi ukaendelea na vituko vyake, jua, baridi, manyunyu, jua. Ulipomalizika, kabla baba hajajaza karatasi yake, nililitoa daftari la mwenzangu chini ya godoro nikalilinganisha na letu. Nilifurahi. Halikulingana hata kidogo! Sisi tuna mvua Jumamosi, yeye ana mvua Jumapili. Sisi Jumatatu kavu, yeye kaandika nusu inchi. Daftari zima namna hiyo. Nikajiambia, kumbe bibi huyu anabuni. Nilivyokuwa na kijicho, sikukumbuka kuwa aliyebuni ndani ya nyumba ile alikuwa mimi.

Nikaingia nalo chumbani. Mama alikuwa akichagua mchele, baba kwenye kiti chake, na mwenye daftari anakunja nguo.

"Baba, tazama. Kaandika mvua siku ambazo zilikuwa kavu. Ulimpa rula yako bure."

Baba akavaa miwani, akafungua madaftari yote mawili, akasoma. Kisha akamwita.

"Naam, baba."

"Kopo lako unalimwaga saa ngapi?"

"Magharibi, baba. Siku inapoingia."

"Siku inapoingia?"

"Si inaingia magharibi? Mvua ya Ijumaa usiku mie naiandika Jumamosi, kwa vile ule ni usiku wa Jumamosi. Mama'angu ndivyo alivyonifunza. Nimekosea?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Hukukosea. Tarawehe ya kwanza tunaisali lini? Usiku kabla hatujafunga, na Ramadhani imeshaingia. Wewe umefuata hesabu ya watu, mie nafuata hesabu ya ofisi." Akachukua penseli nyekundu, na kwa kuwa mvua za mwezi ule karibu zote zilinyesha usiku na alfajiri, akaanza kuvuta mistari kutoka daftari lake kwenda letu, kila mvua yake ikirudi siku moja nyuma. Zikalingana. Hapa tofauti ya uzi, pale sawasawa kabisa. Kopo la maziwa na kipimo cha shaba vilisema maneno mamoja. "Mashaallah," alikuwa akisema baba, "mashaallah," na mimi nimesimama naungua, kisha ghafla nikapoa mwili mzima, maana niliona penseli inakwenda wapi.

Ikafika ile Jumatano yake. Inchi moja na nusu. Ikarudi nyuma, ikagonga Jumanne yetu. Robo.

Penseli ikasimama. Baba hakunitazama mara moja. Alitazama karatasi, halafu dirisha, halafu mimi. Mama akaacha kuchagua mchele.

"Ile siku kosa langu, baba," akasema yule msichana, haraka, nguo bado mkononi. "Nilikuwa naanika, nikakamulia nguo juu ya kopo. Nikasahau kukwambia."

Alikuwa anasema uwongo. Hakuanika nguo siku ile; mimi ndiye niliyeanika. Aligeuka akanitazama, si kwa kunisuta, wala si kwa kunidai, alinitazama tu kama mtu anayekushikia mlango upite. Baba naye alikuwa bado anangoja, na miwani imemshuka puani.

Nikapita. Nikasema, "Si nilisema mimi?"

"Haya," akasema baba. Akaikata inchi moja na nusu yake kwa mstari mwekundu.

Asubuhi yake aliniita nimsomee karatasi ya mwezi kabla hajaitia saini, kama ilivyokuwa desturi yetu. Mwandiko ulikuwa wake, wino ule ule. Nikasoma kwa sauti, tarehe baada ya tarehe, mpaka nikafika Jumanne ya wiki ya pili. Hapakuwa na robo, wala hapakuwa na moja na nusu. Pale palikuwa na neno moja, nami ilinibidi nilitamke.

"Haikupimwa," nikasoma.

"Endelea," akasema baba.

Nikaendelea mpaka mwisho. Akatia saini, akavaa kanzu yake, akatoka. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine yoyote ya uhai wake.

Yule ndugu yangu hakupima tena. Rula aliirudisha kwenye mtoto wa meza, kopo likaenda jikoni likatiwa chumvi. Dari likawa langu peke yangu, kama nilivyotaka, na bilauri yangu, na robo saa yangu. Mwezi wa saba ulikuwa mkavu na wa baridi. Kila asubuhi nilipanda, nikapima kweli, nikashuka, nikasema, "Sufuri, baba." Naye aliinua kalamu, lakini hakuichovya. Kwanza alimgeukia yule aliyekaa chini na mafuta ya nazi mikononi, akamuuliza kwa upole:

"Wewe usiku umesikia mvua?"

"Sikusikia kitu, baba," alijibu, bila kuinua uso.

Hapo ndipo alipoandika.