Barua Tatu za Kuondokea

Kwa miaka mitatu mfululizo nilikuwa daktari wa upasuaji wa mwaka wa kwanza. Sikufeli. Nilikuwa kwenye nafasi ya awali, ile ambayo hospitali inakuchukua kwa miezi kumi na miwili, inakufundisha, inakutumia, na mwaka ukiisha inakupa mkono wa kwaheri. Wenzetu wa nafasi za kudumu walikuwa na miaka mitano mbele yao, wanapanda ngazi moja moja kuelekea ubingwa. Sisi tulifanya kazi ileile katika vyumba vilevile huku tukiulizana kila mwezi nani anatafuta mtu. Na ukihamia programu nyingine unaanza tena chini, kwa sababu hakuna anayekujua.

Hospitali ya kwanza nilivaa sare ya kijani, na bosi alitaka kila fundo la uzi lifungwe kwa mikono miwili. Nikakesha kwenye vitabu, nikafunga mafundo kwenye mguu wa meza mpaka nikaweza. Hospitali ya pili, sare ya bluu, nilipofunga fundo langu la kwanza bosi mpya alicheka mbele ya manesi wote. Kwake yeye ulikuwa mkono mmoja tu, haraka, twende. Nilinuna wiki nzima. Sikununa kwa sababu ya fundo. Nilinuna kwa sababu nilishajua kwamba nikilizoea hili nitaondoka, na huko niendako watacheka tena.

Hayo yote yalitokea ndani ya Doha hiyohiyo, miaka ile ambayo mji ulikuwa unachimbwa kila kona kwa ajili ya viwanja vya mpira. Nilikuwa nikilala Al Thumama, ndege zikipita juu ya paa. Ijumaa, siku ya mapumziko, badala ya kupumzika nilizunguka mitaa na simu mkononi, nafungua barua pepe, nafunga, nafungua tena. Nilifungua kwenye lifti. Nilifungua chooni. Mwili wangu ulikuwa mahali pamoja na roho ilikuwa imeshatangulia kwenye mkataba mwingine.

Halafu nikafika hospitali ya tatu, na kwa mara ya kwanza nikataka kubaki.

Mkurugenzi wa mafunzo alikuwa mzee mmoja mkimya, mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba. Mwezi wangu wa pili pale aliletwa fundi mabomba kutoka kambi za Industrial Area, kidole tumbo kimevimba vibaya. Nilijipanga upande wangu wa kawaida, kushika vyuma vya kupanua jeraha. Mzee akanihamishia upande wa kisu. Alisimama mikono nyuma mpaka nikamaliza, akasema, "Mikono yako haina haraka. Mengine yanafundishika." Nilikwenda kubadilisha nguo nikalia, na sioni haya kulisema.

Mwaka ukiwa nusu, daktari mmoja wa nafasi ya kudumu alirudi kwao kuuguza mzazi. Kiti kikabaki wazi. Sisi wa nafasi ya awali tulikuwa wawili: mimi, na mwenzangu Mganda, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Alikuwa mzuri, lakini nilijua, na manesi walijua, kwamba kwenye meza nilikuwa namzidi kidogo. Nikaanza kusubiri niitwe.

Hapo ndipo malezi yangu ya Tanga yaliponiponza. Kwetu mtu hajitupi kwenye kiti cha mwenyewe. Unapiga hodi, unasubiri, ukikaribishwa unakataa kidogo, ukikaribishwa tena ndiyo unakaa. Mkubwa akiwa na kitu cha kukupa atakupa, na ukikiomba umemvunjia heshima na wewe umejishusha. Nilikuwa naweza kumpasua mtu tumbo, lakini kusema "naomba nibaki" kulinishinda kabisa.

Nilichangia kodi ya nyumba na dada mmoja Mkenya, mhudumu wa hoteli kule The Pearl. Ijumaa moja amerudi kanisani, maana huku hata ibada ya Wakristo huwa Ijumaa, viatu mkononi, akanikuta na simu yangu.

"Daktari, bado unaangalia hiyo simu? Si uingie tu kwa huyo mudir, huyo mkubwa wenu, umwambie unataka kukaa!"

"Haombwi mtu hivyo, dada. Anajua."

"Anajua aje na hujamwambia? Ako na watu mia hapo. Nyinyi Watanzania mtangoja mkaribishwe hadi mzeeke. Huku hakuna mtu wa kukukaribisha."

"Na nyinyi Wakenya mtaingia mpaka jikoni kwa watu."

"Na tukiingia tunakula," akasema, akaenda zake kuoga. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na hoja.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mtu wa nafasi ya awali hakai bila mpango wa pili, na kila maombi yanahitaji barua ya mkurugenzi. Nikaenda kwa mzee kuomba barua ya hospitali moja ya Muscat. Akaniuliza kwa nini Muscat. Hapo nafasi ya kusema ilikuwa imenifuata yenyewe mpaka mdomoni. Nikaogopa kuonekana naomba huruma, nikasema, kwa tabasamu, kwamba nadhani mazingira ya kule yatanifaa zaidi. Akatikisa kichwa taratibu, akaandika.

Wiki tatu baadaye nikaomba ya Dubai. Ya tatu ilikuwa ya hospitali nyingine hapahapa Doha, dakika kumi kwa gari kutoka ofisini kwake. Hiyo ya mwisho aliitazama muda mrefu. Akauliza, "Huko pia?" Nikajibu, "Ndiyo, Daktari, ukipata nafasi." Nilitoka nikiwa nimejipongeza kwa adabu yangu.

Jumapili asubuhi, kwenye kikao cha kuanza wiki, mzee alisimama akatangaza kwamba kiti kimempata yule Mganda. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa nguvu kuliko wote. Baada ya kikao mwenzangu alinifuata, uso umejaa furaha, akanieleza kila kitu bila hila: alimgongea mzee mlango mwezi uliopita akamwambia, "Nataka kubaki, nifanye nini?" Basi. Hakuna kingine alichofanya.

Hasira ilinipeleka ofisini. Sikupiga hodi vizuri.

"Daktari, nilikosea wapi?"

Mzee akavua miwani. "Kukosea? Hukukosea popote."

"Basi mbona hukunipa mimi?"

Alinitazama kama mgonjwa aliyetaja dalili isiyokuwemo kwenye faili. "Ulikuja hapa mara tatu kuniambia unaondoka," alisema. "Mara ya tatu ulitaka hata kwenda jirani. Nikasema, huyu hatupendi. Ningemzuiaje mtu asiyetaka?"

"Nilitaka kubaki," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ya kitoto. "Siku zote nilitaka kubaki."

Akaniambia majina yamekwishapelekwa juu tangu Alhamisi, na kwamba hata angetaka, mkono wake hauwezi tena kuyarudisha. Kisha akafungua droo, akatoa nakala za barua zangu na kunisogezea, labda ili nione kwamba hakuwa na kinyongo. Nilisoma nikiwa nimesimama. Alikuwa ameandika kuhusu yule fundi mabomba. Alikuwa ameandika kuhusu mikono. Na mwisho kabisa, katika barua zote tatu, neno kwa neno: kwamba mimi ndiye ningekuwa chaguo lake la kwanza, ila nimeamua kwenda kwingine, naye hataki kunichelewesha.

Nilimshukuru. Nilimshukuru mara mbili, maana ndivyo nilivyolelewa, na mara ya pili yeye ndiye aliyeinamisha macho.

Dubai hawakujibu. Muscat walisema wamejaza. Ile hospitali ya jirani walinipigia siku mbili tu baada ya kuisoma barua, wakasema hawajawahi kuona mkurugenzi akimsifu mtu kiasi kile. Wakanichukua palepale, nafasi ya awali, mwaka mmoja.