Vyeti Arobaini na Sita, Jina Moja

Siku ya mahafali yetu ya ushonaji hapa Kibondo, wasichana arobaini na sita tuliitwa jina moja. Jina langu.

Sitanii. Mkuu wa chuo, Mwalimu Pelagia, alishika cheti cha kwanza. "Shamsia Mudathiri." Nikasimama. Cha pili, "Shamsia Mudathiri." Watu wakacheka. Cha tatu, hakuna aliyecheka.

"Mana yanje, Mungu wangu!" Mwalimu akapaza sauti. "Wewe binti, umefanya nini?"

"Mwalimu, sijafanya kitu!"

"Aliyechapa si mchumba wako? Ulitaka ukaviuze?"

Hayo mbele ya mama yangu, aliyetoka Makere na kuku wa kunipongeza.

Mwalimu akampigia Mansuri, anayepanga kurasa kwenye duka la uchapaji Kasulu. Kweli ni mchumba wangu. Spika ikiwa wazi, akajibu bila aibu: "Orodha aliyoleta Shamsia ndiyo mbovu."

Orodha niliyoiandika mwenyewe, nikihakiki kila jina kwa kidole!

Cheti changu kikazuiwa. Nikaitwa mwizi, na aliyenitosa ndiye aliyeleta posa kwetu.

Kesho yake nikapanda gari la kwanza la Kasulu.

Mansuri akanipokea dukani: "Baby, tulia, ni kompyuta tu..."

"Usiniite baby. Fungua orodha!"

Aliyefungua ni Ange, mfanyakazi mwenzake. Majina yote yalikuwemo, safi kabisa. Akafungua na maagizo ambayo Mansuri aliiandikia kompyuta, akaguna.

"Dada, wewe ni fundi, utanielewa. Wateja wanakuja kupimwa, ubao ni mmoja. Akija wa pili, unafuta vipimo vya wa kwanza. Kwenye kila kitambaa umeandika tu 'tazama ubaoni'. Siku ya kukata utakuta vipimo vya nani?"

"Vya mteja wa mwisho."

"Ndicho alichofanya. Kompyuta ilipita jina kwa jina, lakini haikuandika lolote kwenye cheti palepale. Ilipofika kuchapa, limebaki la mwisho."

La mwisho ni langu. Orodha ilifuata zamu ya kujiunga na chuo, nami nilijiunga nyuma ya wenzangu wote.

Nikamgeukia Mansuri. "Hukukagua?"

Akainama. "Nilikagua kimoja."

"Kipi?"

"Chako. Kilikuwa sawa."

Wallahi nilitamani kumrushia kiti. Kati ya vyeti vyote, alikagua kile pekee ambacho kisingeweza kukosewa. Eti mapenzi! Mapenzi gani hayo, unalikagua jina langu vizuri halafu unalitupia watu walikanyage?

Ange alirekebisha kwa dakika kumi. Mansuri nilimpakia garini na vyeti vipya hadi Kibondo, akasimama mbele ya Mwalimu Pelagia na mama.

"Kosa ni langu. Orodha hata sikuifungua kabla ya kumsingizia."

Mwalimu aliniomba radhi, akanipa cheti changu kwa mikono miwili. Mama akasema kuku apelekwe kwa Ange.

Posa ya Mansuri ilirudishwa kwao Jumapili iliyofuata.

Jamani, kazi ya watu wengi usiikague kwa jina la umpendaye. Na ukiharibu, sema umeharibu. Nguo ikichanika nitaitia kiraka, lakini jina la mtu halina kiraka.