Mizizi ya Nyar Uriri

"Kwa hiyo mizizi ilijichimba yenyewe," Awino akasema, "ikanawa, ikapanda basi hadi Nairobi."

Elkana, mtoto wa dada yake, alishika makaratasi yake mapajani. Alikwisha kueleza mara tatu kwamba katika makala za kemia huandikwa waliofikiri, si waliochimba. Awino naye alikwisha kukataa mara tatu, na chai ilikuwa imepoa.

Huyu Elkana alianza kupika vitu angali mdogo. Kule Kendu Bay alichemsha sabuni ya mamake na majani ya mwarobaini, akawanywesha kuku, na wanaojua wanasema walitaga povu wiki nzima. Alisoma hadi shule za huku zikamwishia, akaenda ng'ambo, akarudi daktari asiyejua kudunga sindano. Kazi yake ni kutwanga mizizi, kuiloweka kwenye spiriti na kuichuja, mpaka gunia zima libaki chembe nyeupe za kuenea ukuchani. Kisha huchora umbo la chembe hizo, vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki.

Mzizi wenyewe ni wa milima ya juu ya Kisegi. Fisi aliyeuonja kwa uchungu wake alivuka mpaka kwenda Tanzania kuomba maji, na hajarudi. Awino ndiye aliyemwonyesha Elkana kwamba unatibu homa. Lakini magoti ya Awino yaliukataa mlima, kwa hiyo aliyechimba ni Nyar Uriri, mke wa mwanawe Bonface. Alichimba miaka sita. Elkana akiandika barua kutaka mizizi ya kiangazi, anapanda. Akitaka ya wakati wa maua, anapanda. Huchimba upande mmoja tu wa mti na kufukia, ili mti usife. Mwaka wa tisini na nne, chini ya jiwe, nyoka alimtangulia, akamuuma, na hakushuka hai. Elkana alikuja matangani na kreti nne za soda, akaondoka na gunia.

Makala yenyewe ilitoka tisini na moja. Tangu hapo, kila akija Kisegi huleta hesabu: wameitaja arobaini, wameitaja tisini. Leo, tisini na nane ikielekea ukingoni, alileta mia moja sitini na watatu. Wajapani, Wabrazili, watu ambao Awino hawezi kukisia hata rangi ya ng'ombe wao, kila mmoja akiandika husema: haya tuliyapata kwa Elkana.

"Na wewe uliyapata kwa nani?" Awino alikuwa ameuliza, na ugomvi ukaanzia hapo. Maana kwa watu wa dawa, ukimpa mgonjwa mzizi humtajia mkono uliouchimba; usipotaja, umempa maji tu.

Sasa akataka asomewe mwisho wa makala, pale pa shukrani. Elkana akasoma polepole. Waliotoa fedha. Fundi wa mashine. Dereva.

"Dereva," Awino akasema. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

Elkana akakunja makaratasi. Akasema makala mpya inakwenda kuchapwa Ijumaa, na nafasi ya mstari mmoja ipo. Akatoa kalamu.

"Nitamwandika, mama mdogo. Jina lake kamili lilikuwa nani?"

Awino akafungua kinywa. Kwetu mke huitwa kwa alikotoka, na tangu aingie bomani humo alikuwa Nyar Uriri, yaani binti wa Uriri: kwa kuitwa jikoni, kwa kutumwa mtoni, hata kwa kuliliwa. Mtoto hakujaliwa; angempata, angalau angeitwa mama fulani. Jina la ubatizo mhubiri alilisema siku ya maziko, lakini yowe la Awino mwenyewe ndilo lililolifunika. Alilitafuta chini ya ulimi, huku na huku.

"Nyar Uriri," akasema.

"Hilo ni la mahali, mama."

"Najua ni la mahali." Sauti ilikuwa imekwisha ukali. "Ngoja. Ngoja kidogo, mwanangu, linakuja."

Mlango ukasukumwa. Bonface akaingia ameinama, udongo mwekundu magotini, gunia begani.

"Profesa, nimechimba upande mmoja tu," akasema, "kama alivyokuwa akifanya yeye."

Wote wawili wakamtazama, na hakuna aliyeweza kumwuliza mkewe aliitwa nani.