Wengu wa Mjomba

Mbuzi yule nilimpima mwenyewe, ulimi, macho, mpaka chini ya mkia. Mzima kabisa. Aliletwa kwetu Mulekera, Beni, kama sehemu ya mahari ya dada yangu, na nadhani mimi nilimtamani kuliko bwana harusi alivyomtamani dada.

Nilikuwa nasomea udaktari wa mifugo Butembo, mwaka wa mwisho. Katika friji ya mafuta ya taa ya maabara yetu palikuwa pamebaki tone la kingamwili, iliyotengenezwa Ulaya ili izishike seli za kinga za binadamu na kuzitia rangi ya kahawia. Mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia masomo, iliuliza: je, itazitambua na za mbuzi? Mwalimu wangu alisema ndiyo, kwa kuwa kile inachokishika hakibadiliki sana toka kiumbe hadi kiumbe. Mais maneno matupu hayavunji mfupa. Nilihitaji wengu wa mbuzi mzima, maana ndimo seli hizo zimejaa. Vita vilikuwa vimefunga barabara, tone jingine lisingefika, na mbuzi wa Butembo askari walishawamaliza. Nikiukosa wengu huu, kwaheri diplome.

Sasa, katika familia yetu wengu wa mbuzi wa mahari ni wa mjomba. Mjomba wetu, shemasi mwenye tumbo la heshima, mbuzi alipochinjwa tu, tayari alikuwa ameukamata anaelekea nao kwenye makaa.

"Mujomba, unikatie kidogo, mubichi. Ukichoma itaharibika kwa kazi yangu."

"Wengu hapana kutoka mu mukono ya mujomba," akasema, "ila kuingia mu kinywa ya mutoto wa dada yake. Na ameze. Kama hapana, ndoa itavunjika. Fungua kinywa."

Nikafungua, ningefanyaje? Akanilisha kipande kibichi, bado kina joto, akasimama kunitazama. Nikajifanya natafuna. Chupa yangu ya formoli, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ilikuwa jikoni, lakini wakwe walishajipanga kunisalimu. Nikawaitikia kwa kichwa.

"Huyu ana majivuno," nikamsikia mmoja.

Kisha pasta, Mungu amsamehe, akaniita mimi niombee chakula. Nikajifunika uso kwa kitenge, nikatikisa mabega. "Analilia dada yake, maskini," wakasema, na mama wawili wakanikokota kwa huruma hadi jikoni kulekule nilikotaka. Walipogeuka, nikakitemea kipande chupani.

Kingamwili ilifanya kazi. Seli za mbuzi zilijaa chini ya darubini, za mviringo, kahawia kama maharagwe, na hapo ndipo nililia kweli, kwa furaha.

Siku ya kutetea mémoire familia nzima ilikuja Butembo. Profesa aliinamia darubini yangu muda mrefu.

"Za mbuzi nimeziona. Mais hizi bapa, pembeni, ni za mnyama gani?"

Nilizijua. Ningesema uongo, kazi yote ingetiliwa shaka.

"Ni mimi, Profesa. Ni za shavu langu."

Nikaeleza yote. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akatia sahihi. Nikashusha pumzi, nikidhani yamekwisha.

Nyuma ya ukumbi mjomba akasimama, polepole, kando ya dada yangu na mume wake.

"Donc," akasema, "haukumeza?"