Neno la Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa saa nzima kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi ya mkuu wa miradi, hapa Bunia, nikiwa na kitenge kipya na viatu vilivyonibana. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na Kiingereza wakati ule kilikuwa kitu adimu mjini. Wasomi wetu hapa Kongo karibu wote walikuwa watu wa Kifaransa. Shirika moja la misaada lilileta wageni wasiojua Kifaransa wala Kiswahili, basi likatafuta mkalimani. Nyinyi vijana mnaoiomba kazi hiyo leo, simu mkononi inawatafsiria, hebu nisikilizeni kidogo.

Mkuu wa miradi, mmoja wa wageni hao, alikuwa mwanamume mrefu asiyejua kusalimia. Nilimwuliza ameamkaje, akanijibu kwa kunipa karatasi ya kazi. "Sisi hapa tunasema mambo wazi," akaniambia. "Wanavijiji wakisema jambo gumu, niletee gumu vilevile. Usilirembe." Nikarudi nyumbani mtaa wa Rwambuzi, nikaandika kwenye daftari maneno yote ya Kiingereza niliyoyajua ya kusema wazi: frank, candid, straight, direct, outspoken, blunt. Nilishangaa kwamba wanayo mengi. Hilo la mwisho lilinichekesha, maana ndilo wanalolitumia kwa kisu kisichonolewa. Kwetu neno linaloumiza ni kali. Kwao ni butu. Nikajisemea kwamba watu wenye maneno sita ya ukweli lazima wanaupenda sana.

Kazi ilikuwa na sheria zake. Mikutanoni tulitafsiri kwa kupokezana: msemaji anasema sentensi mbili tatu, ananyamaza, nawe unazisema upya kwa lugha ya pili. Kwenye ziara ndogo tulitafsiri kwa kunong'ona, unakaa nyuma ya bega la mgeni na kumsemea sikioni. Vyovyote iwavyo, mkalimani akisema "mimi" anamaanisha yule aliyesema, si yeye mwenyewe. Nimekuwa chifu, nimekuwa mkunga, nimekuwa hata padri, yote kabla ya chakula cha mchana.

Ila kuna jambo moja ambalo hakuna mafunzo yaliyonifundisha, kwa sababu nililijua tangu kwetu. Wazee wa vijiji vyetu hawamwambii mgeni neno gumu akiwa ameketi. Akiwa ameketi ni wa kupewa chai, shukrani na habari za watoto. Neno lenyewe hutoka anaposimama kuaga, amefika mlangoni, ili anayelisema asilazimike kulitetea na anayeambiwa asilazimike kulijibu. Ataondoka nalo, atalitafuna njiani. Wageni wetu nao walifunga daftari mara tu waliposimama.

Mwanzoni nilipigana. Katika kijiji kimoja mzee alituaga akasema, huku akitabasamu, kwamba mbegu tulizogawa hazikuota. Nilimwambia mkuu palepale, nikaongeza kwamba afungue tena daftari, kwani hilo ndilo lililokuwa neno la mkutano mzima. Hakunikaripia. Mwisho wa mwaka, kwenye tathmini, yaani ile karatasi ambayo mkubwa wako anaandika ulivyofanya kazi, nilikuta ameniandikia "blunt", na chini yake kwamba nijirekebishe la sivyo mkataba hautarudiwa. Mgeni mwenzake mmoja, aliyemfokea mpishi mbele ya watu wote, alisifiwa kuwa "frank". Ndipo nilipoelewa kwamba daftari langu lilikosea. Maneno yale hayakutofautiana kwa namna ya kusema. Yalitofautiana kwa nani anayesema.

Nilimsomea dereva wetu karatasi ile, mtu mzima wa hapa hapa aliyewaendesha wakubwa wengi. Alicheka bila furaha. "Mama Masika, funga kinywa," akasema. "Weye uko na batoto ba kusomesha."

Nikakifunga.

Baada ya mkuu yule alikuja mratibu wa maji, kijana mchangamfu aliyejua kusalimia kidogo. Alinichukua hadi kijiji kimoja upande wa Kilo, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako tulitaka kukinga chemchemi. Kukinga chemchemi ni kuizungushia ukuta wa saruji na kuingiza bomba, watu wachote maji pasipo kukanyaga matope. Mkutano ulikuwa mzuri. Chifu alishukuru, wazee walishukuru, na mratibu aliuliza mara mbili kama kuna pingamizi. Hakuna aliyesema.

Tuliposimama, mama mmoja mwenye mvi, aliyekuwa ametuletea viti, alitusindikiza mpaka garini akaushika mlango. Jina lake Mama Lotsove. "Ambia ule muzungu," akasema, "hii mayi iko mubaya. Kule juu batu banaosha zahabu na dawa, yote inashukia hapa. Akijenga hapa, atatuuwa."

Dawa hiyo ni zebaki, sumu ya kuoshea dhahabu. Mratibu aliniuliza mama anasema nini. Maneno yote sita nilikuwa nayo. Nilijua pia kwamba tathmini ilikuwa mwezi uliofuata. Nikasema, kwa Kiingereza kizuri sana, kwamba mama anashukuru na ana wasiwasi kidogo kuhusu usafi wa maji. Mratibu akamwinulia kidole gumba, akafunga mlango. Mama Lotsove hakujua Kiingereza, lakini alinitazama muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

Chemchemi ikajengwa, ikapakwa rangi ya samawati, kibao kikasimamishwa. Watu wakaacha kijito cha mbali wakaja kuchota hapo, kwa sababu bomba lilikuwa zuri na njia ilikuwa fupi. Mimi nilipandishwa cheo mara mbili. Siku ya kustaafu, mratibu wa eneo, mkubwa wangu wa mwisho, alisoma mbele ya wafanyakazi wote kwamba nilikuwa "diplomatic", yaani mwenye kusema bila kumuudhi mtu, na watu wakapiga makofi. Cheti kiko ukutani sebuleni kwangu, kwenye fremu niliyopewa pamoja nacho.

Bado nina hasira na wale wakubwa. Waliuomba ukweli siku ya kwanza, kisha wakauadhibu kila mwaka kwa karatasi. Lakini hawakuwepo midomoni mwangu siku ile, nilikuwepo mimi.

Mwaka jana Mama Lotsove alikuja Bunia. Aliulizia mtaani nyumba ya mama aliyekuwa akisemea wazungu, akaelekezwa. Nilimkaribisha, nikampa chai. Aliuliza habari za watoto wangu, akasifu viti, akaniambia amefikia kwa ndugu zake mtaa wa Saio. Katikati ya mazungumzo alisema kwamba mjukuu wake, msichana, alikuwa amelazwa hospitalini kwa sababu ya tumbo, na kwamba walimzika wiki iliyotangulia. Sisemi ni maji. Daktari hakusema, na mimi si daktari. Nilimpa pole, akaipokea, akamaliza chai yake.

Kisha akasimama. Nami nikasimama, maana nilijua kinachokuja. Alifika mlangoni akageuka.

"Weye ulisikia," akasema. "Ile siku niliona ulisikia muzuri."

Akajifunga kitambaa chake vizuri kichwani na kuteremka barabarani kuelekea Saio, bila haraka. Nilikuwa na lugha tatu kichwani, na desturi ilinipa ruhusa ya kutojibu.