Sauti Iliyozidi Mteremkoni

Walisema sitaweza. Kwanza walisema sitaweza kumbeba mpwa wangu kupanda ule mteremko bila kumdondosha. Baadaye wakasema mtoto wa kwetu, aliyekulia ming'oko ya kuchimba porini na ugali wa muhogo, hawezi kumaliza shule ya misheni kule Masasi. Mwishowe wakasema hata nikisoma sitarudi, na nikirudi sitamsalimu mtu. Leo stashahada yangu ya ufundi wa maji imetundikwa sebuleni, ina fremu na kioo, na kila anayeingia kwangu huiona kabla hajaona kiti. Sioni haya kusema hivyo, maana hakuna aliyenibeba. Ila kati ya yote waliyoyasema, lile la kwanza ndilo ninalojivunia kuliko mengine, na lile halina cheti.

Nililikumbuka asubuhi moja niliporudi likizo. Nilisimama ukingoni mwa uwanda, mbele ya ukuta wa ukungu, nikatega sikio kama zamani. Kimya. Nyuma yangu bomba la mtaa lilikuwa likidondoka tone, tone. Bomba hilo nimelitandaza mimi.

Wewe rafiki yangu uliyezaliwa maji yakiwa uani, acha nikueleze. Uwanda wetu wa Makonde una kila kitu isipokuwa maji. Mvua inyeshe usiku kucha, asubuhi mchanga mwekundu umekwisha kuimeza, na kisima kiko chini kabisa, bondeni. Wakati ule wa Mwingereza, kijijini kwetu upande wa Makote, wanawake waliondoka jogoo wa kwanza na mitungi, wakarudi jua limeshapata joto, shingo zimesimama wima, ngata za kichwani zimelowa, miguu imepakwa udongo hadi magotini. Maji yao yalikuwa na harufu ya majani na moshi wa mtungi. Sijaonja tena maji ya namna hiyo, na mimi maji ndiyo kazi yangu.

Miezi ya kipupwe ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaifunika mikorosho, ukaona matawi yanaelea bila shina. Ukungu huo huchezea sauti. Jogoo wa jirani anawika chini ya miguu yako, na mtu aliye mbali anakohoa begani mwako. Kwa hiyo wanawake walikuwa na mwito. Anayetangulia huita, "Huuu-we!" na walio nyuma huitikia mmoja mmoja mpaka wa mwisho, ili ijulikane hakuna aliyeteleza. Sisi watoto tulisikiliza tukiwa juu, tumejikunyata karibu na jiko. Walioteremka sita, wanaitikia sita. Lakini zilikuwapo asubuhi ambazo sauti ilizidi.

"Bibi, wamekuwa saba," nilimwambia bibi yangu siku moja.

"Sauti za mteremkoni hazihesabiwi," akajibu, akiendelea kukoroga uji. "Zinaitikiwa."

Nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu: bibi, dada yangu na mimi. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki, na magoti ya bibi yalikwisha kuukataa mteremko. Kisha dada akajifungua mtoto wa kike, mzaliwa wake wa kwanza. Shemeji alikuwa ameandikishwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, hata habari ya mtoto hakuwa nayo.

Mzazi mbichi kwetu hakuteremka kisimani. Wanawake waliporudi, kila mmoja alisimama mlangoni kwetu akamimina kata moja ya maji kwenye mtungi wa dada, akaenda zake. Hayakuwa maji ya bure. Yalikuwa ya kukopa, na deni lake halikulipwa kwa fedha wala kwa kuku. Lililipwa kwa maji, mlangoni kwa mzazi mwingine, siku ikifika.

Mtoto yule alilia. Nimesikia watoto wengi wakilia, wangu wakiwamo, lakini kile kilikuwa kilio cha mtu anayeomba kufunguliwa mlango. Alianza jua likichomoza akamaliza linapozama. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye ulimi kama kisu cha kumenyea muhogo, akashindwa kuvumilia asubuhi moja walipokuja kumimina maji.

"Mtishe huyo!" alimwambia dada. "Mwoneshe kinyago cha ngoma mara moja tu, atatulia. Wangu wote nimewatisha na wamekua."

"Wamekua, ndiyo," bibi akasema. "Na yule wako wa pili mpaka leo hapiti penye kiza bila kuimba."

Wanawake wakacheka, jirani naye akacheka. Bibi hakucheka. "Mtoto aliyenyamazishwa kwa hofu hajanyamaza," alisema. "Amejificha. Na ukimtafuta baadaye humpati. Halafu mtoto huyu ana mjomba wake. Kwetu mtoto ni wa mjomba." Akaniwekea mkono kichwani.

"Mjomba gani anayelowesha mkeka?" Jirani aliinama mbele yangu, mtungi kichwani. "Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba," nikajibu kwa sauti nzito, maana nilidhani ndiyo haki yangu. Walicheka hadi maji yakamwagika.

Dada peke yake hakuinua macho. Siku hizo alikuwa ameanza kumtazama mwanawe kama unavyomtazama mgeni aliyekuja bila kusema anaondoka lini. Uji ulipoa mbele yake. Alipolala alishtuka akisema mtoto analia, kumbe mtoto kalala. Mchana mmoja, kijiji kimetulia na hakuna mtu njiani, mtoto alikatisha kilio katikati. Akageuza kichwa upande wa ukingo, macho wazi, kama anayesikiliza maagizo.

"Anaitwa," dada akaninong'oneza. "Kila siku wakati huu anaitwa. Wewe husikii?"

Nilisikiliza. Sitakudanganya, nilisikia upepo. Lakini upepo, rafiki yangu, hauvuti pumzi kabla ya kuanza, na huu ulivuta.

Kesho yake alfajiri niliamka mkeka wa dada ukiwa baridi. Bibi alikuwa akikoroma. Mbeleko haikuwapo msumarini, mtoto hakuwapo, na mtungi ulikuwa pale pale mlangoni. Nilisimama nikiutazama mtungi ule. Mtu anakwendaje kisimani akaacha mtungi? Ndipo nikatoka mbio bila hata kumwamsha bibi.

Ukungu ulikuwa mzito, mikono yangu mwenyewe niliiona kama ya mtu mwingine. Mteremko ule una mahali ambapo njia ni upana wa miguu miwili, na kando yake hakuna kitu. Nilishuka nikishika mizizi. Nikaita ule mwito, sauti ikakatika. Nikaita tena.

Kutoka chini kabisa wanawake waliitikia mmoja baada ya mwingine, wakidhani ni mwenzao. Zilipokwisha sauti zao, ikaja moja zaidi. Hii haikutoka chini. Ilitoka kushoto, karibu, kwenye kona ya mwamba ambako njia haipiti. Ilikuwa sauti nzito, isiyo na haraka. Nilisimama. Nikaita kwa woga, ikaitikia. Nikaifuata kwa magoti na viganja.

Nilimkuta mtoto kwanza. Alikuwa amelazwa ndani ya shimo dogo la mwamba, juu ya majani makavu, amefungwa mbeleko vizuri asiweze kubingirika. Hakuwa akilia. Alikuwa akitazama juu ya bega langu, na nilipogeuka hapakuwa na mtu.

Dada alikuwa hatua chache mbele, amempa mtoto mgongo. Alikuwa amekaa chini, na mikono yake yote miwili ameikalia.

"Dada."

"Usinipe," akasema. "Usinipe bado. Mikono hii nilikuwa karibu kumtikisa nayo. Nimemweka hapo nisimuumize."

Wanawake walipanda wakifuata mwito wangu, wakatukuta hivyo. Jirani mwenye ulimi alikuwa mbele, nami nikajiandaa kusikia matusi. Badala yake alifanya jambo ambalo mtu halifanyi kwenye mteremko ule: aliutua mtungi. Akaketi karibu na dada, akachota maji kwa kiganja, maji aliyoyapandisha kwa shingo yake, akamwosha uso.

"Wangu yule wa pili," akasema polepole, "nilimlaza chini ya mkorosho nikaenda kulia mwisho wa shamba. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani."

"Hata mimi," akasema mwingine kutoka ndani ya ukungu. Dada akaanza kulia, kilio cha kwanza nilichokisikia kwake tangu ajifungue, na taratibu akaitoa mikono chini ya mapaja.

Sasa nani ampandishe mtoto? Vichwa vyote vilikuwa na mitungi, na dada alihitaji kushikwa. "Huyu mjomba hawezi," mmoja akasema. "Ataanguka naye." "Hajawahi kubeba hata kuku," akaongeza mwingine. Wakabishana, na mwishowe wakanifunga mbeleko mgongoni kwa sababu hapakuwa na mgongo mwingine.

Nilimpandisha. Acha nilirudie, maana miaka yote hii halijachuja: nilimpandisha. Pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni mwangu, na kila kona niliita wakaitikia waliokuwa mbele. Nyuma yangu hakuwapo mtu. Hata hivyo, kila zamu ilipokwisha, sauti moja iliitikia kutoka nyuma, karibu kiasi cha kunishika nikiteleza.

Tulipofika juu jirani alinitazama. "Nani alikuwa anaitikia nyuma yako?" Kila mmoja akasema siye. Dada akasema hakufungua kinywa. Wakamtazama bibi, aliyekuwa amejikokota hadi ukingoni kwa fimbo, khanga kaivaa kinyume kwa haraka.

"Nimekwambia hazihesabiwi," bibi akaniambia. Akafikiri kidogo. "Basi na huyo anakudai."

Hakumgombeza dada. Alimwambia mbele ya wote, "Umefanya sawasawa kumlaza; siku nyingine na uite. Mikono ikichemka, mtoto hulazwa pasipo hatari, mama akatoka, akaita. Kuita si aibu. Aibu ni ya asiyeitikia." Tangu siku hiyo wanawake hawakumimina maji tu wakaondoka. Kila asubuhi mmoja alibaki, akamchukua mtoto, na dada akalala usingizi wa kweli, wakati mwingine hadi jua la utosini. Hiyo nayo ikawa mikono ya kukopa. Jirani alikuja zaidi ya wote, akamwimbia mtoto nyimbo zenye maneno mabaya kwa sauti tamu. Kinyago hakikutajwa tena. Kipupwe kikaisha, mabibo yakaanza kuiva, na siku mtoto aliporamba bibo kwa mara ya kwanza akakunja uso kama mzee aliyenyimwa tumbaku, dada alicheka. Alicheka hadi akajishika mbavu, na bibi akageukia ukutani akajifanya anatafuta mwiko.

Nilikwenda Masasi, nikasoma, nikakaa mbali miaka. Nilirudi na stashahada, na kwa mkono huu nikasimamia bomba lililofika mtaani kwetu. Bibi hakuliona. Wenzake karibu wote hawakuliona. Tangu bomba lifunguliwe hakuna mtungi ulioteremshwa bondeni, na mwanamke anachota maji dakika moja, peke yake, akarudi ndani akafunga mlango. Mzazi mbichi sasa ana maji tele. Sina hakika kama ana watu.

Likizo ile niliyokwambia, mpwa wangu alikuwa amejifungua, na katika nyumba za wale waliotukopesha palikuwa na wajukuu wachanga na mama zao. Nikaona siku imefika. Nilikunja suruali yangu ya tetroni, nikajaza debe bombani, nikapita mlango kwa mlango. Kila mzazi nilimwekea maji, nikambebea mtoto mpaka mzazi alipolala na kuamka.

"Fundi mzima na stashahada!" vijana walipiga kelele. "Yaya!"

"Nimelipa nilichokopa kwa bibi zenu," niliwajibu. "Cha kwenu mtalipa wenyewe." Watu husema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi siku ile nilitembea kama bwana harusi. Jirani mwenye ulimi alikuwa bado hai, kipofu. Nilimpa maji ya kunywa, akasikia sauti yangu, akasema, "Shikamoo, mjomba," na tukacheka hadi akakohoa.

Akabaki mmoja. Alfajiri iliyofuata nilimfunga mjukuu wa dada mgongoni, nikachukua kibuyu cha maji, nikaingia kwenye ukungu. Njia ilikuwa imefungwa na vichaka. Niliikuta kona ya mwamba kwa viganja, kama zamani. Nilimimina maji yote ndani ya lile shimo dogo, nikasimama, nikaita, "Huuu-we!"

Hakuna aliyeitikia. Bondeni hapakuwa na mtu, na sababu yake ninaijua kuliko yeyote. Nikaita tena.

Ndipo mtoto aliacha kurusha miguu. Nilikihisi kichwa chake kikigeuka mgongoni mwangu, polepole, kuelekea kushoto. Akavuta pumzi. Akaitikia, kifupi, kwa ule ule mshuko wa sauti ambao mama yake hajawahi kumfundisha na ambao kijiji kizima kimekwisha kuusahau.

Nikapanda naye. Nyuma yetu kulikuwa na sauti, au hazikuwapo. Sikuhesabu.